Bega la Kulia

Kabla hajavua sweta, kabla hajaweka mkoba mezani, Sista anakwenda kwenye friji ya chanjo. Haifungui. Anainama kidogo, anasoma kipimajoto ambacho waya wake mwembamba unaingia ndani. Nyuzi 4.6. Ukutani, kando ya friji, imebandikwa karatasi yenye vijumba vidogo vidogo kama daftari la hesabu, tarehe zimepangwa kwa mlalo na nyuzijoto kwa wima. Anatafuta safu ya leo, anaweka nukta ya wino, anaiunganisha na nukta ya jana jioni kwa rula, kisha anatia saini ya herufi mbili. Ni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Saa kumi jioni atafanya hivyo tena.

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Tangu mwezi uanze hakuna siku iliyorukwa. Jumapili zimo, sikukuu imo. Mstari unapanda kidogo jioni na kushuka kidogo asubuhi, kama kifua cha mtu aliyelala, wala haujagusa nyuzi 2 chini wala nyuzi 8 juu. Nimewahi kuona michoro mingi iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya uzuri wake. Huu haukutundikwa kwa ajili hiyo, lakini ni mzuri.

Zahanati hii iko katika Kata ya Susuni, Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, upande wa nchi unaopakana na Kenya. Asubuhi za huku zina baridi ya nyanda za juu, na kina mama wanaofika mapema wamewafunika watoto kwa kanga mbili na blanketi juu yake. Nilikuja na swali moja. Mwajiri mkubwa kuliko wote katika afya nchini Tanzania ni Serikali. Wizara ya Afya inatunga sera na miongozo. TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, inasimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri. Halmashauri ndiyo inayompangia mtumishi kituo. Kati ya aliyeandika mwongozo na anayeufuata kuna ngazi nyingi, na hawa wawili hawatakutana maisha yao yote. Nilitaka kujua mtu hufanyaje kazi kwa mwajiri wa namna hiyo. Sista hakunijibu kwa maneno. Aliniambia nikae pembeni, nisiguse kitu, nitazame. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kliniki ya watoto.

Baada ya kusoma joto ananawa mikono, kisha anashughulikia barafu. Friji inatumia nguvu ya jua na inafunguliwa kwa juu. Akiifungua na kuifunga kila mtoto anapoingia, ubaridi utatoroka, kwa hiyo chanjo za siku nzima huhamishiwa kwenye kibebeo, kisanduku kigumu chenye kuta nene na mkanda wa kuning'iniza begani. Anatoa vipande vinne vya barafu, vile vichupa bapa vya plastiki vilivyojazwa maji, anavipanga mezani vikiwa vimeachana, na anaviacha. Mimi nilidhani amevisahau. Anapanga mabomba ya sindano, anapanga pamba, anafuta meza, na kila baada ya dakika chache anainua kimoja, anakitikisa karibu na sikio na kukirudisha. Mara ya nne anatabasamu, ananipa na mimi nisikilize. Ndani kuna mlio mdogo wa maji yanayopiga ubavu wa barafu.

Mlio huo ndio anaousubiri. Wengi wetu tunajua kwamba chanjo huharibiwa na joto, ila ni wachache wanaojua kwamba nyingine huharibiwa na baridi kuliko joto. Chanjo ya pentavalenti, ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, yaani dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na maradhi ya bakteria wa Hib, ina chumvi ya alumini ndani yake. Ikiganda, chumvi ile hujikusanya kuwa chembe na haitarudi tena kama ilivyokuwa. Chanjo ya nimonia ni hivyo hivyo, na ya pepopunda wanayopewa wajawazito, na ya saratani ya mlango wa kizazi wanayopewa wasichana. Barafu iliyotoka kugandishwa moja kwa moja inaweza kuzigandisha humo humo ndani ya kibebeo. Ikishaanza kuyeyuka na maji yakasikika, imetua kwenye nyuzi 0, haitashuka tena. Hakuna mashine ya kumwambia. Ni sikio lake.

Kuna binti wa mazoezi, mwanafunzi wa uuguzi, anayefuata kila anachofanya akiwa na daftari mkononi. Sista anamwuliza atajuaje chanjo iliyoganda usiku ikayeyuka asubuhi, kwa kuwa kwa macho zinafanana. Binti anajibu kwamba atachukua kichupa kingine cha aina ile ile, akigandishe makusudi, akiyeyushe, kisha avitikise vyote viwili pamoja na kuvisimamisha mezani. "Halafu?" Halafu atasubiri, hadi nusu saa. Kilichoganda, ukungu wake hutua chini haraka na maji ya juu hubaki maangavu. Kizima hubaki na ukungu wake muda mrefu zaidi. "Na kama una haraka?" Binti anasita. "Kama una haraka," Sista anasema, "usifanye."

Sasa anatoa vichupa. Havitoi vilivyo karibu na mkono. Kila lebo ina duara dogo la rangi, na ndani ya duara kuna mraba. Kichupa kikiwa kipya mraba ni mweupe. Kadiri kinavyokutana na joto, njiani au humu ndani, mraba unaiva polepole, na ukishafanana rangi na duara, kichupa hakitumiki tena, hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali. Anavishika kimoja kimoja, anavigeuza kuelekea dirishani. Vilivyoanza kuiva kidogo vinatangulia kutumika, kisha vinavyokaribia tarehe. Namba ya toleo ya kila kichupa inaingia kwenye leja kabla kichupa hakijaingia kwenye kibebeo. Mkono wa kushoto unashika kichupa, wa kulia unaandika, na macho yanarudi kwenye lebo mara mbili. Vichupa hivi vimesafiri kutoka ghala la taifa jijini Dar es Salaam, vikapita ghala la mkoa na la wilaya, na kila vilipoingia palikuwa na friji, karatasi ya joto, na mtu wa kuweka nukta. Watu wa kazi hii wanauita mnyororo baridi. Pete yake ya mwisho ndiyo hii, juu ya meza ya mbao yenye kitambaa cha plastiki.

Nje, mizani ya kuning'inia imefungwa kwenye boriti ya baraza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anarudisha mshale kwenye sifuri kabla ya kila mtoto, suruali ya kupimia ikiwa imeshaning'inizwa, maana nayo ina uzito wake. Mama anamvalisha mtoto suruali ile, anamning'iniza, mtoto anarusha miguu, mshale unachezacheza. Mhudumu hasomi. Anasubiri mtoto atulie, analeta macho yake usawa wa mshale, ndipo anasoma kwa sauti: kilo 6 na gramu 400. Nukta nyingine inawekwa, safari hii kwenye kadi ya mtoto, na mstari mwingine unaunganishwa. Sehemu kubwa ya kazi ya zahanati ni kuunganisha nukta ya leo na nukta ya jana. Mtoto anaweza kuonekana mnono machoni pa bibi yake na bado mstari wake ukawa umelala kwa miezi miwili.

Halafu kuna vitabu. Huduma za afya Tanzania zina mfumo wake wa kumbukumbu, MTUHA, na kila mtumishi anavijua vitabu vyake kwa namba kama mwalimu anavyojua madarasa: namba 5 ni wagonjwa wa nje, namba 6 ni wajawazito, namba 7 ni watoto, namba 8 ni uzazi wa mpango, namba 12 ni wodi ya wazazi. Leo ni siku ya namba 7. Ni kitabu kipana kiasi kwamba kikifunguliwa kinaifunika meza, na mstari mmoja wa mtoto mmoja unavuka kurasa mbili.

Wakurya, wenyeji wa huku, wana majina yao, na majina hayo yanarudi kizazi hadi kizazi: Chacha, Marwa, Mwita kwa wavulana, Bhoke, Ghati, Robhi kwa wasichana. Siku ile walikuja kina Bhoke watatu, wawili kati yao wakiwa na baba anayeitwa Chacha. Mtu mwenye haraka angeandika Bhoke Chacha mara mbili, na baada ya wiki nne mmoja angepewa chanjo ya mwenzake. Sista anaandika jina la mtoto, la mama, la baba, la kitongoji, la balozi, namba ya simu, kisha anasoma yote kwa sauti huku mama akiitikia. Yeye mwenyewe si mtu wa huku. Ni mwenyeji wa Rungwe, mkoani Mbeya, na barua ya kupangiwa kituo ilimleta Tarime mwaka 2011 bila kujua neno la Kikurya. Sasa bibi wasiojua Kiswahili vizuri wanaongea naye moja kwa moja na kumwita mwanangu.

Akafika mama mmoja kijana pamoja na mama mtu mzima aliyembeba mtoto. Mtu mzima ndiye aliyemuoa yule kijana, kwa desturi ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Kitabu kina safu ya jina la baba. Sista hakuinua uso kwa mshangao wala hakuuliza swali la ziada. Alisema tu, "Mama, niandike jina gani hapa?" Mtu mzima akataja. Likaandikwa kwa herufi kubwa na safi kama majina mengine yote. Kitabu kilichapwa na watu wasioijua nyumba ile, na aliyekijaza aliwapa wenye nyumba nafasi yao ndani yake.

Kisha ikafika zamu ya vichanga. Walikuwa watatu, mkubwa ana siku kumi na mbili. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, huja kama unga mkavu ndani ya kichupa cha rangi ya kahawia, pamoja na maji yake maalumu ya kuchanganyia, na kichupa kimoja ni dozi 20. Kikishachanganywa kina saa sita tu za kuishi; kitakachobaki kinatupwa. Watoto watatu, dozi ishirini. Binti wa mazoezi aliangalia kichupa, akamwangalia Sista, akauliza kama wawaambie warudi wiki ijayo watakapokuwa wengi. Sista alimwuliza yule mama wa tatu ametoka wapi na amekujaje. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, kidonda cha uzazi bado kibichi. Sista akachukua kalamu kwanza, akaandika saa ya kufungua kwenye lebo, ndipo akafungua. Dozi 17 zingeandikwa kwenye safu ya upotevu, na safu hiyo wakubwa huisoma. Chanjo inaweza kuagizwa tena. Mtoto wa siku kumi na mbili akirudishwa nyumbani, hakuna anayejua atarejea lini.

Maji ya kuchanganyia anayavuta polepole, anayashusha ukutani mwa kichupa badala ya kuyarusha katikati ya unga, kisha anakizungusha kichupa kwa vidole bila kukitikisa, mpaka unga uishe na ukungu mwembamba ubaki. Anakichomeka kwenye sponji iliyo juu ya kibebeo, mahali penye ubaridi na kivuli. Anachukua bomba dogo kuliko yote mezani. Linapima sehemu 0.05 za mililita, yaani nusu ya sehemu ya kumi ya mililita, na likishatumika mara moja hujifunga lenyewe, halivutiki tena.

Nilisogea karibu hapa, kwa ruhusa ya mama.

Mtoto analala mapajani pa mama, ubavu wa kushoto ukiwa kifuani kwake. Mama anaonyeshwa pa kushika: mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine juu ya kiwiko cha mtoto. Nchini Tanzania BCG huchomwa juu ya mkono wa kulia, karibu na bega. Ngozi ya mtoto wa siku kumi na mbili ni nyembamba, na sindano inatakiwa iingie ndani ya ngozi yenyewe, isiende chini yake. Kati ya kufika na kupitiliza hakuna nafasi ya kosa hata kidogo. Sista anaushika mkono ule wote kwa kiganja chake cha kushoto kutokea nyuma, gumba na kidole cha shahada vinaivuta ngozi ikae kama ngozi ya ngoma. Sindano anailaza. Haielekei ndani ya mkono. Inalala karibu sambamba nao, tundu la ncha likitazama juu. Inaingia milimita mbili hivi, mpaka tundu lisionekane, na ncha bado inaonekana chini ya ngozi kama unyasi chini ya karatasi. Hapo gumba lake linahama kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mtambo wa bomba, bila kiganja kutikisika.

Anasukuma. Ukisukuma na dawa ikaenda kirahisi, umepitiliza. Hapa kuna ukinzani. Niliona kucha yake ikigeuka nyeupe. Na juu ya ngozi kikainuka kiuvimbe cheupe, bapa, chenye vitundu vidogo kama ganda la chungwa, ukubwa wa punje ya dengu. Mtoto alilia baada ya kiuvimbe kuwa kimeshatokea. Sista akachomoa sindano kwa pembe ile ile aliyoingilia, akaitumbukiza kwenye boksi la usalama bila kuirudishia kifuniko. Hakusugua. Kusugua kunasambaza dawa.

Alifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu kiuvimbe kilitokea, duara, cheupe, mahali pale pale. Nilimwuliza amechoma vingapi tangu aanze. Akasema hajawahi kuhesabu, lakini vitabu vimo stoo.

Kila mama anapewa maneno manne, kwa mpangilio usiobadilika: hii ni chanjo gani na inakinga nini, nini kitatokea, lini urudi, kadi itunzwe. Nini kitatokea ndiyo sehemu anayoitilia mkazo, kwa sababu kiuvimbe kitapotea siku hiyo hiyo, na wiki kadhaa baadaye patatokea kijipu, kitapasuka, kitakuwa kidonda kidogo, kisha kovu. "Mama, usikipake mafuta, usikipake dawa ya majani, usikikamue. Kiache. Kinafanya kazi yake." Mama wa tatu alimwomba arudie. Akarudia, kwa Kikurya.

Waliofuata walikwenda haraka zaidi, na sitawachelewesha. Wa wiki sita, kumi na kumi na nne: matone ya polio mdomoni, pentavalenti paja la kushoto, nimonia paja la kulia. Wa miezi tisa na wa miezi kumi na nane: surua na rubella, mkono wa kushoto. Sista alipoanza kazi hapa kadi ya mtoto ilikuwa fupi kuliko ilivyo leo. Mwaka 2013 zikaingia chanjo za nimonia na za kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Mwaka 2014 rubella ikaungana na surua, na ikaja dozi ya pili. Mwaka 2018 ikaja sindano ya polio, na mwaka huo huo chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja badala ya mbili. Kila mara ilikuja semina, mwongozo mpya, safu mpya kitabuni, na mikono ile ile ikabidi ijifunze pembe mpya. Hiyo ndiyo hali ya kumfanyia kazi mwajiri mkubwa: kazi uliyoizoea hubadilishwa na watu wa mbali, mara nyingi kwa sababu njema, na wewe ndiye unayeigeuza iwe kitu ambacho mama atakielewa.

Kitu kimoja kilinifurahisha kuliko vyote. Mama mmoja alileta mtoto wa miezi tisa mwenye kijitabu cha Kenya. Alikuwa amejifungulia upande wa pili, kwa wazazi wake, na kijitabu kilikuwa kimelowa mvua, ukurasa wa chanjo umefifia. Binti wa mazoezi aliufunua mkono wa kulia wa mtoto, akatafuta kovu, hakuliona, akasema huyu hakupata BCG. Sista akasema, "Tazama mkono wa kushoto, chini." Kwenye kigasha cha mkono wa kushoto kulikuwa na kovu dogo, la mviringo, limepona vizuri. Kenya huchoma pale. Mpaka wa nchi mbili umeandikwa kwenye miili ya watoto wa Kikurya, wa huku bega la kulia, wa kule kigasha cha kushoto, na mtu aliyekaa miaka mingi Tarime anausoma bila kadi.

Hofu ya sindano nayo ipo, na Sista haidharau. Aliwahi kumsimulia binti wa mazoezi habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, aliyeugua ndui mwaka 1977. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini, na bado aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baadaye akawa anazunguka Somalia kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Ukijua hayo, mama anayesitasita mlangoni humkaripii.

Saa nane mchana baraza limebaki tupu. Hapo inaanza nusu ya pili ya kazi, ambayo wagonjwa hawaioni. Karatasi ya kujumlishia imejaa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimevikatiza. Anavihesabu, anavilinganisha na kitabu namba 7, kisha na mabomba yaliyotumika, kisha na vichupa vilivyofunguliwa. Namba nne zinatakiwa zikubaliane. Hazikukubaliana: pentavalenti ilizidi moja. Angeweza kufuta kijiti kimoja, na hakuna mtu kati ya hapa na Dodoma ambaye angejua. Alirudi mstari hadi mstari kwa dakika ishirini na tano, kidole chake kikishuka ukurasani, mpaka akamkuta mtoto aliyechanjwa ila mstari wake haukuwekwa alama. Akaiweka. Namba zikakaa sawa.

Tarakimu hizi mwisho wa mwezi zinakwenda halmashauri, zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, zinajumlishwa na za wilaya, za mkoa, mpaka zinakuwa asilimia moja kwenye ripoti ya taifa. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na tangu hapo kila asilimia yake imejengwa na vijiti kama hivi. Utumishi wa umma una namna yake ya kumpima mtumishi. Zamani zilikuwa fomu za OPRAS, sasa ni mfumo wa PEPMIS, ambamo mtu hujaza malengo yake na alivyoyatimiza. Nimejaribu kufikiri zile dakika ishirini na tano angeziandika wapi. Sikupata mahali. Wala ule ukinzani chini ya gumba, wala mlio wa maji kwenye barafu. Mwajiri mkubwa huona matokeo, na ni haki yake kuyataka. Lakini ubora wa kazi yenyewe unaishi mahali ambapo jicho lake halifiki, na unalindwa na mtu ambaye angeweza kuuacha na asiulizwe. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wachache kuliko ikama inavyotaka. Zinasimama kwa watu wa namna hii, na nadhani nchi inawadai kuwatambua zaidi ya inavyofanya sasa.

Kabla ya kufunga alipitia orodha ya waliotakiwa kuja na hawakuja. Wanne. Aliwapigia wawili simu; mmoja alikuwa msibani, mwingine mtoto ana homa, akamwambia amlete leo hii kwa tabibu. Wa tatu simu haipatikani, na mhudumu wa jamii akaahidi kupita kwao kesho akitoka gulioni. Wa nne alikuwa ameshahamia Musoma, na Sista akaandika hivyo, kwa wino, pembeni mwa jina.

Vichupa ambavyo havikufunguliwa vikarudi kwenye friji, vimewekwa alama ili vitangulie siku nyingine. BCG iliyobaki ikatupwa. Boksi la usalama lilikuwa limefika robo tatu. Likafungwa, halijazwi zaidi ya hapo. Saa kumi jioni alisimama mbele ya friji, akainama kidogo. Nyuzi 5.1. Nukta, rula, herufi mbili.

Msomaji uliyezaliwa Tanzania, gusa mkono wako wa kulia, chini kidogo ya bega. Wengi wetu tuna kovu pale. Mtumishi wa zahanati au hospitali fulani aliivuta ngozi ya mkono wako na kungoja kiuvimbe kiinuke. Kama mama yako yupo, muulize ilikuwa wapi. Na kama una mtoto mchanga ndani, kliniki ya karibu yenu ina siku yake. Nenda na kadi.